Ustahimilivu na Kujitegemea katika Kujifunza Uandishi wa Programu: Mafunzo kwa Mwanafunzi wa Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yananuia kueleza jinsi mwanagenzi katika uandishi wa programu za tarakilishi anavyoweza kujenga ustahimilivu na uwezo wa kutatua matatizo bila kumtegemea mwingine kila anapokwama. Hoja kuu ni kwamba ustahimilivu si kipawa anachozaliwa nacho mtu, bali ni mkusanyiko wa mazoea yanayofunzika. Ili kuithibitisha hoja hii, tumetumia mfano ulio karibu na wasomaji wa jarida hili, yaani programu ya kuhesabu silabi za maneno ya Kiswahili.

1. Utangulizi

Wahenga walisema kuwa ukiona vyaelea, vimeundwa. Programu tunazozitumia kila siku kutuma pesa, kusoma magazeti na kuandika tasnifu zimeundwa na watu waliokaa saa nyingi mbele ya tarakilishi, wakaandika, wakakosea, wakafuta na kuandika tena. Mtumiaji huona tunda lililoiva; hauoni mti ukipogolewa. Kwa sababu hiyo, wengi wanaoingia katika taaluma hii hudhani kwamba mjuzi ni yule asiyekosea. Wanapoandika mistari mitano ya kwanza na tarakilishi ikaikataa, huhitimisha upesi kuwa hawana akili ya kazi hiyo.

Dhana hii ina madhara makubwa kwa wanafunzi wa lugha. Imezoeleka katika vyuo vyetu kuwa tarakilishi ni mali ya wanasayansi na wahandisi, ilhali mwanafunzi wa Kiswahili ataridhika na ushairi, riwaya na isimu. Matokeo yake ni kwamba zana za kuichakata lugha yetu huundwa aghalabu na watu wasioizungumza kama lugha ya kwanza. Mathalani, mojawapo ya mifumo ya awali na iliyokomaa ya kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa tarakilishi, unaojulikana kama SALAMA, uliundwa na Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini. Kazi hiyo inastahili heshima. Hata hivyo, inazua swali: ni nini kinachomzuia mwanafunzi wa Kiswahili nchini Kenya asijifunze ufundi huo?

Swali hili lina uzito zaidi leo. Mwaka 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya (KICD) iliidhinisha silabasi ya uandishi wa programu kwa shule za msingi na za upili. Maadamu watoto wanatarajiwa kujifunza stadi hii, walimu watarajiwa wa masomo yote, wa Kiswahili wakiwemo, hawana budi kufahamu jinsi inavyofunzwa, na hasa jinsi mwanafunzi anavyosaidiwa asikate tamaa.

2. Dosari kama Sehemu ya Kazi

Jambo la kwanza ambalo mwanagenzi anapaswa kulielewa ni kwamba dosari katika programu si ajali bali ni hali ya kawaida. Mwaka 1947, mafundi waliokuwa wakiihudumia tarakilishi ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo. Walimbandika mdudu huyo katika daftari la kumbukumbu za kazi, wakaandika maelezo kando yake. Daftari hilo bado limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian. Grace Hopper, mwanahisabati aliyefanya kazi na tarakilishi hiyo, alipenda kukisimulia kisa hiki. Wahandisi walikuwa wakiziita kasoro za mitambo kwa jina la mdudu tangu karne ya 19. Kwa hiyo neno halikuzaliwa siku hiyo. Linalotuhusu hapa ni kwamba mafundi wale hawakuificha kasoro, bali waliitafuta, wakaiandika na kuihifadhi.

Mtaalamu aliyelitilia mkazo suala hili katika elimu ni Seymour Papert, aliyezaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928. Papert na wenzake walibuni lugha ya programu iitwayo Logo mwaka 1967 kwa ajili ya watoto. Katika lugha hiyo, mtoto humwamuru kobe atembee na kugeuka, naye kobe huchora alipopita. Mtoto anayetaka kuchora pembetatu yenye pande sawa huweza kumwamuru kobe ageuke nyuzi 60, kwa kuwa amefundishwa kwamba kila pembe ya ndani ya pembetatu hiyo ina nyuzi 60. Kobe akitii, pembetatu haipatikani, kwa sababu anayetembea pembeni mwa umbo hugeuka kwa kipimo cha pembe ya nje, yaani nyuzi 120. Mtoto akisimama na kuutembea mchoro kwa miguu yake mwenyewe, huigundua tofauti hiyo.

Katika kitabu chake cha mwaka 1980, Mindstorms, Papert alieleza kwamba shule humzoesha mtoto kuuliza iwapo jibu lake ni sahihi au si sahihi, basi. Uandishi wa programu humfunza swali jingine: je, kazi hii inaweza kurekebishwa, na kwa vipi? Tofauti ya maswali haya mawili ndiyo msingi wa ustahimilivu. Jibu la swali la kwanza hufunga mlango. Jibu la swali la pili hufungua kazi.

3. Tabia za Wanagenzi Wanapokwama

Mwaka 1986, David Perkins na wenzake walichapisha uchunguzi wao kuhusu wanafunzi waliokuwa wakianza kujifunza kuandika programu. Waligundua kuwa wanafunzi walitofautiana sana katika mwenendo wao pindi walipokwama. Kundi la kwanza lilikuwa la wanaosimama. Hawa, wakipata tatizo lisilo na jibu la wazi, huacha kufikiri na kungoja msaada. Kundi la pili lilikuwa la wanaosonga. Hawa hujaribu njia moja, wakashindwa, wakajaribu nyingine. Miongoni mwa kundi hili la pili walikuwapo waliopita kiasi: waligeuza hiki na kile katika programu bila kutafakari, wakitumaini kwamba bahati itawaangukia.

Ugunduzi huu una funzo muhimu. Ingekuwa rahisi kudhani kuwa kinyume cha kukata tamaa ni kuendelea tu. La hasha! Anayebadilisha mistari ovyo ovyo anaendelea, lakini hajifunzi. Hata programu ikikubali kufanya kazi, hawezi kueleza kwa nini. Haraka haraka haina baraka. Perkins na wenzake walibaini kwamba kilichokosekana kwa wengi ni tabia ya kuisoma programu mstari baada ya mstari na kujiuliza kila mstari unafanya nini hasa, badala ya kudhani kuwa unafanya walichokusudia. Ustahimilivu wenye manufaa, basi, ni kuendelea kwa utaratibu.

4. Mfano: Programu ya Kuhesabu Silabi

Ili kuufafanua utaratibu huo, tuchukue tatizo linalomhusu kila mwanafunzi wa ushairi. Mshororo wa shairi la kimapokeo la tarbia aghalabu huwa na mizani 16, yaani 8 katika kila kipande. Je, tunaweza kuiamuru tarakilishi ituhesabie?

Mwanahisabati George Pólya, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu utatuzi wa matatizo, alipendekeza hatua nne: kulielewa tatizo, kubuni mpango, kuutekeleza, kisha kutazama nyuma na kuyapima matokeo. Tuzifuate.

Kulielewa tatizo ni kujua kwamba silabi nyingi za Kiswahili ni wazi, yaani huishia kwa irabu. Mpango wa kwanza unajitokeza wenyewe: tuhesabu irabu. Katika lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, mpango huo huandikwa hivi:

neno = "kitabu"
jumla = 0
for herufi in neno:
    if herufi in "aeiou":
        jumla = jumla + 1
print(jumla)

Mstari wa kwanza unalihifadhi neno. Wa pili unaanza hesabu kwa sufuri. Wa tatu unaichukua herufi moja baada ya nyingine. Wa nne unauliza iwapo herufi hiyo ni irabu, na wa tano unaongeza moja ikiwa ndivyo. Wa mwisho unaonyesha jumla. Msomaji atambue kuwa majina ya vihifadhi yanaweza kuwa ya Kiswahili. Tarakilishi haina kinyongo nayo.

Tuseme mwanagenzi ameandika "juma" badala ya "jumla" katika mstari wa mwisho. Tarakilishi itakataa na kutoa ujumbe wa Kiingereza wenye mistari kadhaa. Wengi hushtuka hapa. Lakini ujumbe huo ni barua, wala si hukumu. Katika Python, mstari wake wa mwisho hutaja aina ya hitilafu, na mistari ya juu yake hutaja mahali ilipotokea. Hapa utasema kwamba jina "juma" halijafafanuliwa. Tangu toleo la 3.10 la mwaka 2021, lugha hiyo hata hupendekeza jina linalokaribiana na lililokosewa. Mwanafunzi anayesoma ujumbe polepole, kamusi mkononi ikibidi, hupata jibu ndani ya dakika moja. Asiyeusoma huweza kupoteza mchana mzima.

Dosari hiyo imerekebishwa, na neno "kitabu" limetoa 3. Tukijaribu "mtoto", tarakilishi inatoa 2. Hakuna ujumbe wowote wa kulalamika, ilhali sote twajua kuwa m-to-to ni silabi tatu. Hii ndiyo hitilafu ya kimantiki, nayo ni ngumu kuliko ile ya kisintaksia au ya utekelezaji, kwa sababu tarakilishi imetii amri kikamilifu. Amri yenyewe ndiyo yenye kasoro.

Mwanagenzi afanye nini? Achukue karatasi na kuifuata programu kwa mkono: m, jumla ni 0, t, jumla ni 0, o, jumla ni 1, t, jumla ni 1, o, jumla ni 2. Karatasi inamwonyesha bayana kuwa herufi ya kwanza, ambayo ni silabi kamili, imepitwa. Sasa anaweza kubuni kanuni ya pili: m ikifuatwa na konsonanti ambayo si w, ihesabiwe kuwa silabi. Kanuni hii inaliweka sawa neno "mtoto", na "mwana" linabaki na silabi mbili. Lakini akijaribu "simba", anapata 3 badala ya 2, kwa kuwa mb katika neno hilo haitenganishwi. Akiondoa b katika kanuni, "simba" linatengemaa. Kisha anajaribu "mvua" na kupata 3, ilhali ni mvu-a. Akiiondoa v pia, neno "mvuvi" linaharibika, maana hilo ni m-vu-vi.

Hatimaye anafika penye neno "mbuni". Akimaanisha ndege, silabi ni mbili: mbu-ni. Akimaanisha mtu anayebuni, silabi ni tatu: m-bu-ni. Maandishi ni yaleyale. Hali kadhalika, katika "mtu mbaya" kivumishi kina silabi tatu, na katika "nyumba mbaya" kina mbili. Hapa hakuna hila ya herufi itakayomwokoa. Sharti programu ijue ngeli ya nomino. Mwanafunzi aliyeanza kwa kuhesabu irabu amejikuta katikati ya mofolojia na fonolojia, na ameelewa kwa nini mwanaisimu anahitajika katika kazi hii. Bado hajagusa n ya "nchi" wala k ya "daktari", ambayo washairi huihesabu: da-k-ta-ri. Kila dosari imemfundisha jambo kuhusu lugha yake ambalo alikuwa akilijua kwa ulimi tu.

5. Mazoea ya Kujijengea

Kutokana na mfano huu, tunaweza kuyatambua mazoea kadhaa yanayofunzika.

(a) Kulipunguza tatizo. Shairi zima likitoa hesabu isiyo sahihi, mwanafunzi ajaribu ubeti mmoja, kisha mshororo, kisha neno moja. Kosa lililofichika katika maneno mia halina pa kujificha katika neno moja.

(b) Kutabiri kabla ya kujaribu. Kabla ya kuiendesha programu, aandike jibu analolitarajia. Asiyetabiri hawezi kushangaa, na asiyeshangaa hawezi kugundua kosa.

(c) Kubadilisha jambo moja kwa wakati. Akibadilisha mambo matatu na programu ikapona, hatajua dawa ilikuwa ipi.

(d) Kuhifadhi maneno ya majaribio. Kila mara anapoirekebisha kanuni, ayajaribu upya maneno yote ya awali. Tumeona kwamba dawa ya "mvua" iliweza kumdhuru "mvuvi".

(e) Kueleza kwa sauti. Andrew Hunt na David Thomas, katika kitabu chao cha mwaka 1999, The Pragmatic Programmer, waliitaja desturi ya kumweleza bata wa mpira jinsi programu inavyofanya kazi. Bata hajibu neno. Ila anayeeleza hulazimika kuupitia kila mstari, na mara nyingi huligundua kosa kabla hajamaliza. Mwenzi wa bwenini anaweza kuchukua nafasi ya bata huyo, hata kama hajui programu.

(f) Kuweka daftari. Kama mafundi wa Harvard, aandike tarehe, dosari, alichojaribu na kilichofaulu. Baada ya muhula mmoja, daftari hilo litamthibitishia kuwa anakua, hata siku ambazo moyo unakataa kuamini.

6. Mipaka ya Kuachwa Peke Yake

Ni lazima tutahadhari hapa. Wapo walimu wanaodhani kuwa kumfunza mtu kujitegemea ni kumtupa majini na kumngojea aogelee. Utafiti hauungi mkono ukali huo. John Sweller, kuanzia mwaka 1988, alieleza kuwa akili ya mwanagenzi ina uwezo finyu wa kubeba mambo mapya kwa wakati mmoja. Akipewa tatizo kubwa bila mwongozo, nguvu zake zote huishia katika kupapasa. Kwa hiyo mifano iliyotatuliwa na kuelezwa hatua kwa hatua humfaa sana anayeanza. Kwa upande mwingine, Manu Kapur, katika tafiti alizoanza kuzichapisha mwaka 2008, alionyesha kuwa wanafunzi wanaopewa nafasi ya kuhangaika na tatizo kwanza, kisha wakafunzwa, huweza kuielewa dhana kwa kina zaidi. Mitazamo hii miwili yaelekea kupingana, lakini inakutana katika jambo moja: kuhangaika kuna faida pale tu kunapofuatwa na maelezo.

David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross, mwaka 1976, waliulinganisha msaada mwema na jukwaa la waashi. Jukwaa husimamishwa ili ukuta ujengwe, na huondolewa kidogo kidogo kadiri ukuta unavyokomaa. Mwalimu asiyeweka jukwaa huwaangusha wajenzi. Asiyeliondoa hatajua kamwe iwapo ukuta unasimama.

Kwa mintarafu hiyo, kuuliza si ujinga. Kilicho muhimu ni namna ya kuuliza. Mwanafunzi ajiwekee muda, tuseme nusu saa ya kujaribu kwa utaratibu, kisha aende kwa mwalimu au mwenzake akiwa na mambo matatu: nilitarajia nini, nilipata nini, na nimejaribu nini. Kauli ya "haifanyi kazi" humfanya mwenye kusaidia alitatue tatizo lote. Kauli ya "nilitarajia 3 nikapata 2, nami naona herufi m imerukwa" humfanya aongeze neno moja tu, na kazi iliyobaki hurudi mikononi mwa mwanafunzi. Naye mwenye kusaidia asishike kibodi ya mwenzake. Aulize, "Mstari huu unafanya nini?" kisha asubiri.

7. Kishawishi cha Jibu Lililo Tayari

Tangu ChatGPT ilipotolewa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, mwanagenzi anaweza kulieleza tatizo lake kwa akili unde na kupewa programu nzima kwa sekunde chache. Kishawishi hiki si kigeni kabisa. Hata zamani walikuwapo walionakili kazi za wenzao usiku wa kuamkia siku ya kuziwasilisha. Kilichobadilika ni wepesi wake.

Hatusemi kwamba zana hizi zipigwe marufuku. Zinaweza kuufafanua ujumbe wa hitilafu kwa Kiswahili, kutunga mazoezi, au kuuliza maswali kama mwalimu. Swali la kujiuliza ni moja: baada ya kusaidiwa, je, naweza kufunika skrini na kuiandika programu hii upya, nikieleza kila mstari? Asiyeweza amepata alama, hakupata elimu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Aidha, katika lugha yetu hatari ni kubwa zaidi. Akili unde ikimpa programu inayolihesabu neno "mbuni" vibaya, atakayeligundua kosa ni yule tu aliyewahi kuhangaika nalo mwenyewe.

8. Hitimisho

Tumeeleza kuwa ustahimilivu katika uandishi wa programu hujengwa kwa mazoea: kusoma ujumbe wa hitilafu, kupunguza tatizo, kutabiri, kubadilisha jambo moja kwa wakati, kueleza kwa sauti na kuweka kumbukumbu. Tumeeleza pia kuwa kujitegemea si kujitenga, bali ni kujua la kufanya kabla ya kuomba msaada na jinsi ya kuuomba.

Kwa mwanachama wa chama chetu, tunapendekeza mwanzo mdogo. Watafutane wanafunzi wawili au watatu, wakae mbele ya tarakilishi moja mara moja kwa juma, na waanze na programu ile ya mistari sita. Wakusanye maneno yanayoishinda, wayaandike daftarini, na waijadili kanuni ya kila neno kama tunavyojadili arudhi darasani. Kazi hiyo haitakamilika kwa muhula mmoja. Papo kwa papo kamba hukata jiwe, na jiwe lenyewe ni lugha tunayoifahamu kuliko yeyote atakayetuundia zana zake kutoka mbali.